Jiwe Lililochafuliwa Makusudi

Baba yangu ni dalali wa mawe. Alianza kazi hiyo kabla mimi sijazaliwa, na kitu chochote kinachong'aa mbele yake kina swali moja tu: kinakwendaje? Kwa hiyo nilipomwonyesha kwenye simu ya video kitu ninachohangaika nacho huku Jinan kwa mwaka wa tatu sasa, kijiwe cha zambarau iliyopauka kinacholingana na punje ya muhindi, alisogeza uso kwenye simu mpaka nikawa naona paji la uso peke yake.

"Mama, hiyo si tanzanaiti iliyochomwa ikakataa?"

"Hapana, baba. Hii ni vanadati."

"Inachimbwa upande gani?"

"Haichimbwi. Tunaiotesha wenyewe, kwenye tanuri."

Kimya. Kisha: "Ahaa. Ya kutengeneza."

Kwa wasioijua Arusha: pale mjini, kwenye vibaraza wanakokaa madalali, "ya kutengeneza" ni hukumu. Jiwe likishaitwa hivyo linarudishwa kwenye karatasi yake na mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Naandika haya kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya wale mlioniuliza nasomea nini hasa huku China, nikajibu "leza", mkadhani natengeneza taa za disko.

Nianze na kile ambacho baba anakijua bila kujua kwamba anakijua. Ubluu wa tanzanaiti unatokana na metali iitwayo vanadiamu. Ukijani wa tsavoraiti nao ni vanadiamu, mara nyingi ikisaidiwa na kromiamu. Ni chembe chache mno, lakini zikiondolewa, mawe hayo hayana soko. Nilisoma jambo hilo nikiwa mwaka wa pili Dar es Salaam, nikafunga kitabu nikacheka peke yangu. Ada yangu yote tangu darasa la kwanza imelipwa na vanadiamu.

Tofauti ni kwamba kwenye tanzanaiti vanadiamu ni mgeni aliyejipenyeza, na kwenye jiwe langu ndiyo yenye nyumba. Kila atomi ya vanadiamu imezungukwa na oksijeni nne. Kati ya vikundi hivyo kuna nafasi za atomi kubwa zaidi, na hapo ndipo unapochagua mpangaji. Ukijaza itriamu unapata YVO4. Ukijaza gadoliniamu, GdVO4. Ukijaza lutetiamu, LuVO4. Mpangilio wa ndani ni uleule wa zirkoni, jiwe ambalo baba ameuza mafungu na mafungu. Kisha, katika kila nafasi mia, unachukua moja au pungufu ya moja na kuiweka neodimiamu. Hiyo ndiyo inayofanya kazi. Wengine wote ni kuta na paa.

Kazi yenyewe ni hivi. Mwanga wa dayodi, kijitaa kidogo cha umeme, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 808 unaingia, ioni ya neodimiamu (atomi yenye chaji ya umeme) inaunywa na kupanda juu kwa nishati. Inakaa huko muda mfupi, kisha inashuka na kutoa mwanga wa nanomita 1064, ambao jicho halioni. Mwanga huo ukipita karibu na ioni nyingine iliyoko juu, nayo inashuka, na mwanga wake unafanana na wa kwanza kama pacha. Weka vioo viwili huku na huku, mwanga uende ukirudi, umepata leza.

Kama umewahi kushika kile kikalamu cha mwanga wa kijani wanachouza Kariakoo, huenda ulishika vanadati. Ndani ya vingi mna dayodi ya 808, kipande chembamba cha YVO4 chenye neodimiamu, na fuwele nyingine iitwayo KTP inayokata urefu wa wimbi katikati, 1064 ikawa 532, na hiyo 532 ndiyo kijani unachokiona. Kwenye vile vya bei ya kutupa, kichujio cha kuzuia mwanga usioonekana huachwa ili kupunguza gharama. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilieleza mwaka 2010 juu ya kikalamu kimoja cha namna hiyo: kijani chake kilikuwa hafifu, huku mwanga usioonekana ukitoka kwa wingi. Jicho halifumbi kwa kitu lisichokiona. Mnyang'anyeni mtoto.

Jiwe hili si jipya. Leza ya kwanza ya neodimiamu kwenye YAG, yaani ganeti ya itriamu na aluminiamu (baba, ni ukoo mmoja na tsavoraiti), ilitoka Bell Labs mwaka 1964. Miaka miwili baadaye, 1966, O'Connor akaonyesha kwamba YVO4 nayo inafanya kazi, na kwa vipimo kadhaa inaishinda YAG. Tatizo ni kwamba haikukubali kuota. Vilitoka vipande vidogo, vyenye weusi na nyufa, na leza za wakati ule zilitaka fimbo ndefu za kuzungushiwa taa kubwa. Wenye viwanda wakaenda na ganeti. Vanadati ikasubiri hadi miaka ya 1980, dayodi zilipofika na leza ikawa inahitaji kipande cha milimita chache tu. YVO4 yenye asilimia moja ya neodimiamu hunywa mwanga wa 808 haraka kiasi kwamba milimita moja inamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Sasa tuje kwenye ubishi wangu na baba. Kwake yeye, gredi ni usafi. Huinua jiwe kwenye tochi, hulizungusha, hutafuta wingu, unyuzi, kivuli. Nami nilimwambia kwamba jiwe langu tumelichafua mara mbili. Kwanza tumeweka neodimiamu. Kisha, badala ya kuchagua itriamu au gadoliniamu, tumeweka zote mbili, nusu kwa nusu au kwa kiwango kingine tunachotaka, na tukaziacha zikae ovyo, kila moja pale ilipoangukia.

"Ovyo?"

"Ovyo kabisa, baba. Ovyo ndiyo tunayoitafuta."

Hapo alinipa mama.

Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu kwa miaka saba, kwa hiyo nitaeleza kwa kwaya. Katika YVO4 isiyochanganywa, kila ioni ya neodimiamu ina majirani walewale kwa umbali uleule. Zote zinagonga noti moja, 1064.3, na sauti inapanda kama sindano: kali, nyembamba. Katika mchanganyiko, neodimiamu hii ina gadoliniamu nyingi jirani, ile ina itriamu nyingi, na ile nyingine imebanwa upande mmoja tu. Gadoliniamu ni nene kidogo kuliko itriamu, angstromu (kipimo cha ukubwa wa atomi) 1.053 kwa 1.019, na neodimiamu yenyewe ni nene kuliko zote mbili, 1.109. Kwa hiyo kila ioni inabanwa kivyake na kuimba juu kidogo au chini kidogo ya mwenzake. Kwenye GdVO4 noti iko karibu na 1063, na mchanganyiko unakaa mahali fulani kati ya hapo na 1064.3. Ukikaa benchi la nyuma kanisani, unasikia sauti isiyochoma sana lakini pana. Jumla ya sauti ni ileile. Kilele kimeshuka, mabega yametanuka.

Mwalimu wetu wa kwaya angetufukuza. Mimi hicho ndicho nilichopanda ndege kukifuata.

Faida yake ni nini? Mabega yakitanuka, unaweza kutengeneza mipigo mifupi zaidi ya mwanga, kwa sababu mpigo mfupi unataka noti nyingi kwa wakati mmoja. Wanaofunga mawimbi pamoja ili kupata mipigo ya pikosekunde chache wanaipenda michanganyiko kwa hilo. Mimi nafuata kile kilele kilichoshuka.

Kila ioni ya neodimiamu iliyoko juu ina kitu ambacho mimi nakiita shabaha: ukubwa wake machoni pa mwanga unaopita. Shabaha ikiwa kubwa, mwanga ukipita unaigonga kirahisi na ioni inashuka. YVO4 ina shabaha ya takribani 25 × 10⁻¹⁹ za sentimita mraba. YAG, takribani 2.8. GdVO4 imepimwa kama 7.6. Kwa leza inayowaka mfululizo, YVO4 ni mfalme: unaipa dayodi kidogo tu, imeshawaka. Lakini ukitaka kulimbikiza nishati, uishike, kisha uiachie yote kwa mpigo mmoja wa nanosekunde, shabaha kubwa inakuponza.

Fikiria daladala pale stendi. Ioni ndiyo abiria. Konda anataka lijae kabla ya kuondoka. Abiria wa YVO4 ni watu wa hasira za karibu: mmoja akisema "twende!", wote wanapiga mabati, na gari linaondoka nusu tupu. Tena ni wepesi wa kushuka na kwenda zao kwa miguu: muda wao wa kukaa juu ni karibu mikrosekunde 90 hadi 100, wakati wa YAG ni 230. Kuna hesabu ya haraka ambayo huwa naiandika pembeni ya daftari. Chukua nishati ya fotoni moja, igawanye kwa shabaha, utapata kadirio la nishati unayoweza kulimbikiza kwa kila sentimita mraba kabla mambo hayajakushinda. YVO4 inatoa milijouli 75. GdVO4, karibu 245. YAG, zaidi ya 660. Mfalme wa kuwaka mfululizo ni maskini wa akiba.

Konda wetu ni fuwele nyingine, YAG iliyotiwa kromiamu, ya kahawia iliyokolea. Unaiweka ndani ya leza, kati ya vioo, nayo inaumeza mwanga wa 1064. Kwa kuwa inaumeza, leza haiwaki na abiria wanaendelea kupanda. Mwanga ukizidi, konda anashiba. Kromiamu yote imeshakunywa, na ghafla jiwe lililokuwa giza linakuwa kama dirisha. Mlango unafunguka, gari zima linaondoka. Hakuna umeme wala swichi ya mkono. Sharti ni moja: konda ashibe kabla abiria hawajaisha. Kwa YVO4 iliyokatwa kwa namna ya kawaida, shabaha ya neodimiamu ni kubwa mno kulinganisha na ya konda, hivyo abiria wanamalizika mlango ukiwa bado nusu. Mpigo unatoka mnene na dhaifu. Changanya gadoliniamu, shabaha inapungua, abiria wanapata subira kidogo, na mpigo unakuwa mwembamba wenye nguvu. Watu wa Chuo Kikuu cha Shandong, hapahapa Jinan, walionyesha hilo mapema miaka ya 2000 kwa familia nzima ya michanganyiko ya itriamu na gadoliniamu. Ndiyo maana mji huu uko kwenye ramani ya watu wa fuwele.

Ipo njia nyingine ya kupunguza shabaha, na baba ataielewa haraka kuliko mwanafunzi wa fizikia. Nikiwa mdogo alikuwa ananikalisha mezani, ananipa tanzanaiti mbichi na kuniambia niizungushe polepole chini ya taa. Upande huu bluu. Upande huu zambarau. Upande huu wekundu wa kahawia. Jiwe moja, pande tatu. Mkataji asiyejua kulielekeza anaua bluu yote. Vanadati nayo ina upande. Ile 25 ni kwa mwanga unaotetemeka sambamba na mhimili mmoja wa fuwele, tunaouita c. Ukilikata ili mwanga upite kwa kufuata mhimili huohuo, hauwezi tena kutetemeka sambamba nao, na shabaha inaanguka hadi karibu 7. Wengi hufanya hivyo na wanapata mipigo mizuri. Wanapoteza kitu kimoja: mwanga hautoki tena umetulia kwenye mwelekeo mmoja wa mtetemo, na kama unataka kuugeuza kuwa kijani baadaye, utaulilia mwelekeo huo. Mchanganyiko unakupa shabaha ndogo bila kukunyang'anya mwelekeo. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na nashangaa huwa inaandikwa kwa mstari mmoja tu.

Kuotesha sasa. Hapa ndipo nimelia.

Poda zinakuja kwenye chupa, usafi wa asilimia 99.99. Ya vanadiamu ni ya njano inayoelekea chungwa na ni sumu; barakoa na glavu, hakuna mzaha. Unapima, unachanganya, unazidisha kidogo ile ya vanadiamu kwa sababu joto likipanda inatoroka kama mvuke. Vyote vinaingia kwenye chungu cha iridiamu. Baba aliuliza bei ya jiwe. Angeuliza ya chungu angeheshimu kazi yangu mara moja. Joto linapita nyuzi 1,800. Unateremsha mbegu, kijiti cha fuwele iliyo nzuri, mpaka iguse uso wa uji ule, kisha unaanza kuivuta juu huku inazunguka, milimita moja au mbili kwa saa. Njia hii ina jina la Jan Czochralski, ambaye mwaka 1916 alichovya kalamu kwenye bati lililoyeyuka akidhani ni wino, akaivuta ikiwa na uzi wa metali uliong'ang'ania ncha. Ajali ya mezani, na hadi leo silikoni nyingi ya simu zetu inaota kwa njia hiyo.

Milimita mbili kwa saa maana yake unakesha. Unakaa mbele ya kioo kidogo chekundu, unaangalia mpaka wa uji na jiwe kama mtu anayechunga maziwa yasifurike, siku mbili, tatu. Neodimiamu, kwa unene wake, haipendi kuingia kwenye fuwele. Ingependa kubaki kwenye uji. Kwa hiyo kichwa cha jiwe kinapata kidogo na mkia unapata zaidi. Na mkiwa mmechanganya itriamu na gadoliniamu, mna wageni wawili wa kupatanisha badala ya mmoja.

Halafu kuna ugomvi wa oksijeni. Iridiamu ikiwa ya moto haitaki oksijeni, inaliwa. Vanadati ikikosa oksijeni inapata weusi. Unaipa chungu naitrojeni kwa wingi ili kisife, na jiwe linatoka limekunja uso, la kijivu cha kahawia. Dawa yake ni kulichoma upya kwenye oksijeni, taratibu, siku kadhaa, mpaka weusi utoke na zambarau ionekane.

Kuchoma! Mara ya kwanza dada mkubwa wa maabara, ndivyo tunavyomwita mwanafunzi aliyetutangulia, aliponieleza hatua hiyo nilitaka kumkumbatia. Baba amechoma mawe maisha yake yote. Tanzanaiti nyingi inatoka Mererani ikiwa ya kahawia kama chai ya rangi, na bluu inakuja ikishapitishwa kwenye moto wa nyuzi mia tano au mia sita. Nimemwona akikaa karibu na lile tanuri dogo usiku kucha, na hajawahi, hata mteja akiwa mlangoni na pesa mkononi, kufungua kabla halijapoa lenyewe. Nikimuuliza kwa nini alikuwa anajibu, "Jiwe halina haraka, wewe ndiye una haraka."

Nilikuwa na haraka. Tanuri lilikuwa na foleni, zamu yangu ilikuwa inaisha Ijumaa, na niliongeza kasi ya kupoza kwenye programu ya tanuri. Si sana, nilijiambia. Asubuhi nililitoa likiwa zima, zuri, safi kiasi kwamba nililipiga picha. Nikaliweka juu ya meza, kwenye kitambaa. Nikageuka kuchukua glavu nyingine. Nyuma yangu nikasikia *ta*, sauti ndogo kama ganda la karanga. Nilipogeuka, ufa ulikuwa umepita kutoka begani hadi karibu na mkia, umenyooka utadhani umechorwa kwa rula.

Profesa alikuja, akaliangalia, hakusema neno. Aliokota kipande kilichomeguka, akakiinua kwenye taa, akaniuliza kasi niliyoweka. Nikamwambia ukweli. Akaandika tarehe kwenye kikaratasi, akafungua droo ya chini kabisa ya kabati ambayo sikuwahi kuiona ikifunguliwa. Ndani mlikuwa na mawe yaliyopasuka, labda thelathini, kila moja na kikaratasi chake. "Hilo la mwaka juzi ni langu," alisema dada mkubwa akinionyesha kwa kidole. "Na lile kubwa ni la profesa."

Upande mmoja wa jiwe langu ulisalimika. Ndiko kilikotoka kile kijiwe baba alichokiona: milimita 3 kwa 3 kwa 5, nyuso mbili zimesuguliwa na kupakwa tabaka la kuzuia mwanga usirudi nyuma. Kinafungwa kwenye karatasi ya indiamu, metali laini unayoweza kuikata kwa kucha, kisha kinabanwa katikati ya vipande vya shaba vinavyopitiwa na maji baridi. Joto ndilo adui. Mwanga unaoingia ni 808 na unaotoka ni 1064. Tofauti hiyo, karibu robo ya nishati, inabaki ndani ya punje ya muhindi.

Usiku wa kwanza nililenga vioo kuanzia saa mbili. Leza haionekani, unaitafuta kwa kadi inayong'aa inapoguswa na mwanga huo, unasogeza skrubu robo ya robo, unapoteza, unarudia. Karibu saa sita kadi ikawaka. Nikaingiza konda. Kadi ikazima. Nikaongeza mkondo wa dayodi polepole, na kwenye osiloskopu, skrini inayochora mipigo, mstari uliokuwa umelala ukasimama: mnara mmoja mwembamba, kisha tambarare, kisha mnara mwingine, kwa mpangilio. Niliweka kijiwe cha YVO4 tupu mahali pale pale, vioo vilevile, konda yuleyule. Minara ikawa mingi, mifupi na minene, imesongamana. Nilibadilisha mara nne kwa kuwa sikuamini. Kila mara mchanganyiko ulichelewa kuanza, na kila mara ulipiga kwa nguvu zaidi.

Lakini nilipomtoa konda na kuacha leza iwake mfululizo, mchanganyiko ulishindwa. Ulitaka dayodi zaidi ili kuwaka, na kwa mkondo uleule ulitoa wati chache. Nalisema wazi kwa sababu kuna uandishi kwenye fani hii unaosifia michanganyiko kama dawa ya Mmasai inayotibu kila kitu. Ovyo ileile inayotanua sauti ya kwaya inazuia joto kupita. Joto ndani ya fuwele linasafiri kama mtikisiko kutoka atomi hadi atomi, na gadoliniamu ina uzito unaokaribia mara mbili ya itriamu. Mtikisiko unagonga nzito, nyepesi, nyepesi, nzito, unatawanyika. Ukitaka wati nyingi mfululizo, nunua YVO4 tupu.

Na hata namba za joto za mawe yasiyochanganywa uzipokee kama cheti cha jiwe kutoka kwa muuzaji mwenyewe. Kwa miaka mingi GdVO4 ilisifiwa kwamba inapitisha joto mara mbili ya YVO4, wati 11.7 kwa mita kwa kelvini dhidi ya 5 na kitu. Watafiti wa Japani, Sato na Taira, wakapima upya kwa njia nyingine mwaka 2006, wakakuta YVO4 haiko nyuma hata kidogo. Makala zilizonakili ile 11.7 bado zipo na bado zinanakiliwa. Baba ana msemo kuhusu vyeti lakini hauandikiki hapa.

Aliniuliza pia kama neodimiamu ipo kwetu. Ipo. Kilima cha Ngualla, mkoani Songwe, kina akiba ya madini adimu, na neodimiamu ni mojawapo ya yanayolengwa pale. Nilimweleza kwamba wanaoitafuta wanaitaka kwa ajili ya sumaku za injini za umeme na mitambo ya upepo, wala siyo leza. Leza zote zinahitaji kiganja tu. Akauliza kama kuna vitalu vya wachimbaji wadogo. Nikabadilisha mada.

Mwezi huu Mtanzania mwenzetu alikuwa anarudi nyumbani, nikamwomba profesa kipande kutoka kwenye ile droo, kipande cha jiwe langu lenyewe. Akacheka, akanipa. Nikakifunga kwenye karatasi nyeupe iliyokunjwa vile madalali wanavyokunja, nikaandika juu kwa kalamu: *vanadati ya itriamu na gadoliniamu, neodimiamu kidogo, haliuzwi*.

Jana kilifika. Baba alipiga simu akiwa kibarazani, nikasikia wenzake nyuma. Shikamoo, marahaba, na moja kwa moja kazini. Alikuwa amekishika kwenye koleo, tochi mkono mwingine. Alisema ni laini mno, amekijaribu kwa ncha ya kisu pembeni kikachubuka, kwa hiyo pete hakifai. Nikamwambia ni kweli, ugumu wake ni kama 5. Alisema kinang'aa kuliko alivyotarajia. Alikiweka juu ya gazeti na kila herufi ikawa mbili, akakizungusha na moja ya hizo herufi ikaanza kuizunguka nyenzake, akawaita wenzake waje waone. Nikaanza kueleza kwamba mwanga unagawanyika mara mbili kwa sababu ya ule mhimili niliomwambia, ila hakuwa ananisikiliza. Lenzi ilikuwa jichoni.

"Mama."

"Naam, baba."

"Hili lina ufa. Kutoka hapa begani, linashuka mpaka chini. Limepozwa haraka." Akashusha sauti ili wenzake wasisikie. "Aliyekuuzia ni nani?"